Binti yangu hataki tena nimposti, na biashara yangu inamtegemea yeye

Shikamoo Anti,

Nimekuwa nasoma majibu yako kimyakimya muda mrefu, leo nimeona na mimi niandike maana nyumbani kwangu hapakaliki na sijui nianzie wapi.

Mimi nashona na kuuza nguo za watoto, nauzia mtandaoni tu, duka sina. Nilianza binti yangu hajaanza hata shule, nikimaliza gauni namvalisha yeye napiga picha naposti, watu wakampenda yule mtoto kuliko hata nguo yenyewe, wakawa wanauliza leo mrembo wetu yuko wapi, na ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeniletea wateja. Akaunti ikakua, nikanunua cherehani ya pili, nikaweka na msaidizi. Baadaye haikuwa nguo peke yake, nikawa naposti maisha yetu tu, birthday yake, siku ya kwanza ya shule, alipong'oka meno, alipoumwa, alipokimbizwa na mbwa wa jirani akilia, ile video watu walicheka jamani ikasambaa mpaka kwenye kurasa nisizozijua.

Sasa ana miaka 12. Juzijuzi alikuwa anatoka shule, mama mmoja asiyemjua kabisa akamwita kwa jina lake, akamuuliza eti bado unaogopa mbwa? Akamwambia na kwenu napajua, ile nyumba ya geti la bluu. Nadhani yule mama hakuwa na ubaya, ni mteja tu alifurahi kumwona, lakini mwanangu alirudi anatetemeka. Usiku akaja chumbani akaniambia mama naomba usiniposti tena, na zile za zamani zitoe, hasa ya mbwa, kwa sababu wenzangu darasani wanayo na nikipita wanabweka. Anti sikulala.

Baba yake kusikia hivyo akasema futa akaunti nzima, biashara tutatafuta nyingine. Nikimwambia hiyo akaunti ndiyo inayoendesha nusu ya nyumba hii anasema napenda laiki kuliko mtoto. Na yeye huyohuyo ndiye anazituma picha za mtoto kwenye grupu la ukoo na la kazini kwake, nikimuuliza anasema kule ni watu wetu.

Halafu kuna la mdogo wangu. Mama yetu alilazwa ghafla, mimi ndiye niliyekuwa naye hospitali, nikapiga picha mkono wake una dripu nikaweka status nikaandika mwombeeni mama. Mdogo wangu anaishi nchi nyingine, akaiona akiwa kazini. Mama alishatoka na ni mzima lakini mdogo wangu hajanipigia mpaka leo, amemwambia mama mkubwa kwamba mimi nilimpa habari za mama yake pamoja na wateja wangu. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, nikaona nikiweka pale wote watajua kwa mpigo.

La mwisho, kuna kampuni ya vitu vya watoto inataka tufanye nao tangazo, mimi na binti yangu, wanalipa vizuri kwakweli na wanataka jibu wiki hii. Wametuma na mkataba, kuna mahali wameandika wanaweza kutumia picha na video zetu kwa muda wote na kwa njia zote.

Anti nifanyeje? Nifute kila kitu nianze upya? Nikimtoa mtoto si wateja wataondoka? Na hivi siku hizi unafanyaje biashara bila kuyaanika maisha yako?

Mama Mshonaji

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na mtoto kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kungoja kidogo ila la kwake halingoji.

Leo hiihii kabla hajalala kaa naye mkiwa wawili tu, simu yako mpe yeye aishike, pitieni akaunti kuanzia juu mpaka chini kabisa na kila picha asiyoitaka aibonyeze mwenyewe aiondoe. Instagram tangu 2017 inakuruhusu kuiweka posti kwenye kumbukumbu, yaani inatoka machoni pa watu ila kwako inabaki na laiki zake na komenti zake, na TikTok unaweza kuigeuza video ikawa ya faragha ukabaki unaiona wewe tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta kwa hasira leo halafu kesho ukatafuta picha ya mwanao ya chekechea usiione. Isipokuwa ya mbwa. Hiyo usiifiche, ifute kabisa mbele yake, na umwombe radhi bila kutia "lakini" ndani yake. Usimwambie ile video ndiyo ilileta wateja, usimwambie watu walikuwa wanampenda. Anavyobwekewa darasani, upendo wa watu wa mbali haumsaidii chochote.

Zile kurasa zilizoichukua nazo zitafute. Najua maji yakimwagika hayazoleki na sitakudanganya kwamba utaimaliza video iliyokwisha kusambaa, mtu akishaipakua kwenye simu yake imekuwa ya kwake, lakini kuipunguza unaweza. Waandikie inboksi kwa heshima kwamba wewe ni mzazi wa mtoto huyo unaomba waitoe, wengi watatoa kwa sababu hawana ugomvi na wewe, walitaka kuchekesha tu. Asiyetaka mripoti, Facebook na Instagram wana utaratibu wa mzazi kulalamikia picha ya mwanawe mwenye umri chini ya miaka 13, na wako ana 12 kwa hiyo ufanye sasa hivi kabla hajavuka. Na shuleni uende mwenyewe ukaonane na mwalimu wake, hilo la kubweka ni uonevu kama uonevu mwingine wowote, usiliache kwa kuwa eti limeanzia kwenye simu.

Kitu kimoja kinaniuma sana kwenye haya mambo na sio kwako tu. Hii mitandao mikubwa inasema mtoto asifungue akaunti yake mpaka afikishe miaka 13, umri huo ulitoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni, lakini ukiingia humo ndani wamejaa watoto wa miaka miwili, mitatu, mitano, na waliowaweka ni sisi wazazi wao. Mtoto anafika umri wa kuruhusiwa kuingia anajikuta yumo siku nyingi, ana jina, ana sura, ana kituko chake ambacho watu wanakijua, na hakuna hata kimoja alichokichagua. Nchi zimeanza kuliona hili, Ufaransa mwaka 2024 ilitunga sheria inayosema kuilinda picha ya mtoto ni kazi ya wazazi wote wawili kwa pamoja na mtoto mwenyewe ahusishwe kulingana na umri wake na uelewa wake, na kule Marekani jimbo la Illinois tangu Julai 2024 mtoto anayetumika kwenye video za mzazi zinazoingiza pesa ana haki ya kuwekewa fungu lake. Nakutajia hizi usije ukadhani binti yako anadeka au amekuwa mjuaji. Anadai kitu ambacho watu wazima wameanza kukiandikia sheria.

Na hapohapo, fungu lake. Umesema mwenyewe yeye ndiye aliyeleta wateja. Mfungulie akiba, anza na chochote, mwambie hii ni ya kazi uliyoifanya ulipokuwa mdogo. Usimpe kama bei ya kumrudisha kwenye kamera, hiyo atainusa mara moja.

Sasa yule mama wa njiani. Unasema hakuwa na ubaya na mimi naamini hivyo, ila nataka ukae na kilichotokea pale. Alijua jina, alijua shule, alijua muda wa kutoka au alibahatisha, alijua hofu ya mtoto, alijua geti. Hakuna mtu aliyemwambia vyote hivyo kwa siku moja, ulimwambia wewe kidogo kidogo, leo sare yenye nembo ya shule, kesho video mmesimama nje ya nyumba, mwezi mwingine keki yenye jina na namba ya miaka. Kila posti peke yake haina neno, ila mtu akizipanga pamoja anapata mtoto mzima. Chukua karatasi na kalamu, mwombe mtu ambaye hamfuatani afungue akaunti yako kwa simu yake, andikeni kila kitu mgeni anachoweza kukijua kuhusu nyumba yenu bila kukuuliza swali hata moja. Ikishajaa hiyo karatasi utajua mwenyewe cha kutoa, mimi sitahitaji kukutajia.

Ila matatu nitayataja kwa sababu watu wengi hawayajui. Moja, mahali mlipo usiposti mkiwa bado mpo, posti mkishaondoka. Mwaka 2018 watu waligundua kwamba ramani iliyotolewa na Strava, ile programu ya wakimbiaji, ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi kwa sababu tu wanajeshi walikuwa wanakimbia mazoezi na saa zao zinarekodi njia, sasa kama wanajeshi wameanikwa na mbio zao za asubuhi sisi je? Mbili, kamera ya simu inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, zima lokesheni kwenye kamera, maana ukiituma picha WhatsApp kwa kawaida hiyo taarifa inaondolewa lakini ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora inaenda nayo kama ilivyo. Tatu, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zako zote na ile kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata anayejiita wa huduma kwa wateja, biashara nyingi zimeibiwa kwa njia hiyohiyo.

Mumeo ana haki kwenye kuogopa kwake ila dawa yake ni kali kuliko ugonjwa. Kufuta akaunti yote hakumtoi mtoto kwenye simu za wale wanafunzi, na kunaondoa riziki ya nyumba pamoja na mshahara wa msaidizi wako. Mwambie hivyo ukiwa umetulia, mtoto hayupo. Na la yale magrupu mwambie pia bila kumsuta. Watu wengi wanadhani WhatsApp ni sebuleni kwao, na ni kweli tangu 2016 mazungumzo yanafungwa kwa namna ambayo aliyeko katikati hawezi kuyasoma, lakini kufungwa huko ni njiani tu, ikishafika kwenye simu ya mwenzako anaweza kupiga skrinshoti, anaweza kuforwadi, anaweza kumwachia mtoto wake simu achezee. Grupu la kazini sio watu wenu, ni watu wa kazini kwake na wengine mmekutana nao mwaka huu. Mkubaliane sheria moja ya nyumba inayowabana wote wawili: picha ya binti haitoki mpaka yeye mwenyewe ameiona na kusema sawa, iwe ni kwa wafuasi elfu au kwa bibi yake.

Nakuja kwa mdogo wako na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona umelipa nafasi ndogo kwenye barua kuliko linavyostahili.

Zamani kidogo, Facebook ilipoanza 2004, ukitaka kujua fulani yukoje ilibidi uende kwenye ukurasa wake, yaani umkumbuke, umtafute, umtembelee. Septemba 2006 wakaleta ule ukurasa wa mbele ambao habari za watu wote zinakujia zenyewe ukiwa umekaa, na watumiaji wengi waliukasirikia, wakaona wanachunguliwa, halafu wakazoea, tukazoea wote. 2009 ikaja laiki, ukawa huhitaji hata kuandika neno. Mimi naona hapo ndipo tulipoanza kuchanganya kujua habari za mtu na kuwa naye. Unamwona dada yako kila siku kwenye status, amevaa nini, amekwenda wapi, unasema huyu hajambo, unapita. Miezi inaisha hamjaongea na wala hamjisikii kwamba hamjaongea.

Mdogo wako haikumuuma kwamba habari ilichelewa, maana kwa saa ilifika upesi kuliko simu ingefika. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa kwenye orodha. Aliona mkono wa mama yake wenye dripu yuko katikati ya kazi, ugenini, hakuna wa kumshika, hakuna sauti ya dada yake ya kumwambia kaa chini kwanza nikwambie, na alipoangalia aliona wengine wameshaandika pole kabla yake. Simu ya dakika mbili ingemkuta katika hali ileile ya kuogopa lakini akiwa na wewe. Na mama naye, samahani nikwambie, aliulizwa? Mgonjwa amelala, hana nguvu ya kukataa, mkono wake unaenda kwa watu wanaonunua magauni.

Mpigie, usimtumie voisi wala meseji ndefu ya kujieleza. Asipopokea mwache apumzike umpigie tena kesho. Akipokea usianze na kuchanganyikiwa kwako, anza na kwamba yeye ndiye alipaswa kusikia wa kwanza. Halafu mwambie yote kuhusu zile siku za hospitali, daktari alisema nini, mama alikuwa anamuulizia, mambo ambayo hukuyaweka popote. Na kuanzia sasa habari ya ugonjwa, ya mimba, ya msiba, ya ndoa kuvunjika, anayeitoa nje ni yule mwenyewe iliyempata, na kabla haijatoka wale wa damu wawe wamepigiwa. Kama huna nafasi ya kupiga simu zote piga moja kwa mtu mmoja unayemwamini akupigie nyingine, familia zilikuwa zinafanya hivyo kabla ya status na habari zilikuwa zinafika.

Swali unalotakiwa kujiuliza kila unaposhika simu mwanangu ni hili tu, hii habari ni ya nani. Nguo ni yako, uchovu wako ni wako, furaha ya kumaliza oda ni yako, posti mpaka usiku. Hofu ya mbwa ilikuwa ya binti yako. Mkono ulikuwa wa mama.

Haya, biashara. Unauliza wateja wataondoka? Baadhi watapungua, ndiyo, hasa wale waliokuwa wanakuja kumwona mtoto, ila fungua daftari lako la oda uangalie kitu: wale wanaonunua kila msimu, wanaokutumia ndugu zao, waliandika komenti ngapi kwenye ile video ya mbwa? Laiki sio oda. Waulize wateja wako kumi wa mwisho walikujuaje na kwa nini walirudi. Mimi nimeongea na washonaji wengi, majibu yanafanana, mshono haukufumuka, ulinishonea kwa siku uliyoniahidi, kipimo kilikaa, nilipolalamika ulibadilisha.

Kwa hiyo hayo ndiyo uyaonyeshe. Mikono yako ikikata kitambaa, chaki, futi kamba, gauni likigeuzwa ndani nje watu waone pindo na bitana, zipu ukiifunga na kuifungua, kitambaa kabla na baada ya kufuliwa. Nunua sanamu ya kuvalishia ya ukubwa wa mtoto, au piga nguo kwenye henga pembeni ya dirisha mwanga wa asubuhi unatosha. Sauti yako ieleze, uso wako uonekane kama unapenda, wewe ni mtu mzima umejiamulia. Mwanzoni utaona namba zimeshuka, usipate presha, hizi programu tangu 2016 Instagram ilipoacha kupanga posti kwa saa ya kuwekwa zinapanga kwa kukisia nini kitamshika mtu, na uso wa mtoto anayelia unashika watu haraka. Pindo linashika wachache zaidi, lakini hao wachache wanatafuta nguo.

Ila angalia sana usimtoe binti yako halafu ukajaza mahali pake mabinti wa wateja. Mteja akikutumia picha ya mwanawe amevaa gauni lako alikutumia wewe, hakukutumia uiweke kwa watu elfu. Uliza, na akisema ndiyo uliza tena kama uso uonekane au usionekane. Hali kadhalika zile skrinshoti za chati ambazo wauzaji wanaposti kama ushahidi kwamba wateja wameridhika, jina lipo juu, namba ipo, mara nyingine hata anwani ya kupelekewa mzigo, mimi nikiziona najiuliza huyu mteja anajua yuko hapa? Futa jina na namba au usiweke. Na usiwaunganishe wateja wote kwenye grupu moja ambapo kila mmoja anaona namba ya mwenzake, tumia ile orodha ya matangazo ya WhatsApp ambayo kila mtu anapokea peke yake, ni lazima tu wawe wameseva namba yako ndiyo iwafikie, kwa hiyo ukimkabidhi mtu nguo yake mwombe aiseve. Ulaya wana sheria kali ya taarifa za watu iliyoanza kazi Mei 2018 na nchi nyingi za Afrika nazo zimetunga za kwao, taarifa za mteja zikivuja kutoka kwako huwezi kusema ulikuwa hujui.

Na hiyo orodha ya namba, pamoja na vipimo na tarehe za oda, iandike pia kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja kama saa sita hivi dunia nzima, mtu aliyekuwa na wateja humo tu siku hiyo hakuwa na biashara. India walifungia TikTok Juni 2020 watu wakalala na wafuasi wakaamka hawana. Wafuasi umeazimwa mwanangu, yule mtu mwenye namba yako na wewe una yake ndiye mteja wako. Hili ningekwambia hata kama binti yako angependa kuposti.

Sasa lile tangazo. Nimeona unavyolitaja mwishoni kama vile ungependa nilipite, silipiti. "Kwa muda wote na kwa njia zote" maana yake ni kwamba akiwa na miaka 25 anaomba kazi, ile sura yake ya miaka 12 wanaweza kuwa bado wanauzia bidhaa, kwenye mabango, kwenye tangazo la nchi nyingine, pembeni ya maneno ambayo hakuyasema, na wewe ulishasaini huna cha kuwaambia. Mtoto aliyekuomba usimposti hata kwenye akaunti ya mama yake hawezi kupelekwa kwa watu baki, hata wakiongeza pesa, na watakuongezea, jiandae.

Waandikie kesho asubuhi, fupi, kwamba binti yako hashiriki na hilo halijadiliwi. Waambie uko tayari kushona nguo za tangazo na wewe mwenyewe kuonekana ukizishona, picha zitumike kwa muda unaotajwa kwa mwezi na mwaka, sehemu zitajwe moja moja kwenye mkataba, na baada ya hapo wakizitaka waje tena mzungumze. Kabla ya kusaini mtu anayejua sheria auone, usisaini kwa sababu wanasema wiki inaisha. Wakikubali umepata kazi. Wakisema bila mtoto hawataki, basi walikuwa hawazitaki nguo zako tangu mwanzo, washukuru na urudi kwenye cherehani, na jibu lao hilo huna haja ya kumwambia binti yako, asije akadhani yeye ndiye aliyewakosesha.

Anti